Unampeleka mtoto mdogo baharini? Yajue haya kabla ya safari

Shule zinapofungwa, kituo cha reli cha Syokimau hujaa familia zinazoelekea Mombasa. Utawaona watoto wa shule wakikimbizana, mikoba mgongoni, na katikati yao mtoto wa mwaka mmoja na nusu amebebwa na mamake, macho yamemtoka kwa mshangao. Huyu wa mwisho hakuulizwa iwapo anataka kwenda Pwani. Hajui bahari ni kitu gani. Na katika msafara mzima wa familia hiyo, yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Makala haya ni yako wewe mzazi mwenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu na ambaye unapanga likizo ya baharini. Pengine mtakaa wiki moja Bamburi au Diani, pengine mtapanda mashua kwenda Wasini ama Lamu, na kwa wachache wenye uwezo, pengine mtasafiri kwa meli kubwa ya kitalii. Si nia yetu kukutisha hadi uivunje safari. Mtoto wa umri huo huufurahia mchanga kuliko mtu mzima anavyofurahia hoteli. Ila wazazi wengi hujiandaa kwa mambo madogo, kama vile kofia na vitu vya kuchezea, wakayasahau yale yanayoua.

Yanayoua ni matatu: malaria, maji na kuharisha. Mengine tutayataja kwa ufupi.

MALARIA HAIJUI LIKIZO

Nairobi na maeneo mengi ya kati ya nchi yamo katika orodha ya sehemu zenye hatari ndogo ya malaria. Pwani, sawa na eneo la Ziwa Victoria, ni mahali ambapo maradhi hayo hayaishi mwaka mzima na huongezeka baada ya mvua. Mtoto anayelelewa Kwale au Kilifi huumwa na mbu tangu utotoni, na akinusurika miaka ya kwanza mwili wake hujenga kinga kiasi. Mtoto wako wa Buruburu au Kasarani hana kinga hiyo hata chembe. Mbu mmoja tu mwenye vijidudu anatosha kumlaza hospitalini, na kwa mtoto wa umri huu malaria inaweza kugeuka kuwa kali, ikapanda kichwani au ikammaliza damu, katika muda wa siku moja au mbili tangu homa ianze.

Wako wazazi wanaodhani kwamba wao wenyewe wakiwa wamezaliwa Pwani, basi mtoto wao amerithi kinga. Si kweli. Hata wewe uliyezaliwa Malindi na ukakaa Nairobi miaka kumi, kinga yako imepungua sana. Nayo chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 ilielekezwa kwanza katika kaunti za magharibi mwa nchi, kwa hiyo mtoto wa Nairobi aghalabu hajaipata, na hata aliyeipata hakingiki kikamilifu.

Ufanye nini basi? Mwone daktari wa watoto angalau wiki tatu kabla ya safari, ukimpeleka mtoto mwenyewe ili apimwe uzani. Zipo dawa za kuzuia malaria ambazo mtoto anaweza kupewa, lakini kipimo chake hutegemea kilo zake na si umri wake. Baadhi huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka, nyingine wiki mbili au zaidi, na zote huendelea kutumiwa kwa muda baada ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana wiki tatu si nyingi. Usichukue dawa ya jirani, wala usimkatie mtoto nusu ya kidonge chako. Doksisaiklini, ambayo watu wazima wengi hupewa wanapoenda Pwani, haifai kutumiwa kwa kinga hiyo kwa watoto walio chini ya umri wa miaka minane.

Mbu wa malaria huuma usiku, tangu jua linapotua hadi alfajiri. Kwa hivyo magharibi ikiingia, mvike mtoto nguo nyepesi za mikono mirefu na suruali inayofika kwenye vifundo vya miguu. Unaweza kumpaka dawa ya kufukuza mbu iliyoandikwa kwamba yafaa kwa watoto, lakini usimpake viganjani kwa sababu mikono ya mtoto haikai mbali na mdomo, wala karibu na macho. Usiku alale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Uliza hoteli au mwenye nyumba ya kupangisha mapema kama neti ipo, na ukifika uikague kwa macho yako. Neti yenye tundu la kupitisha kidole ni pambo tu. La busara ni kubeba ya kwako. Haizidi uzito wa shuka.

Kuhusu feni na ile dawa ya mbu ya kuzunguka inayochomwa, feni husaidia kidogo na moshi hukera kifua cha mtoto. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuchukua nafasi ya neti.

NJIANI

Safari ya gari moshi ya Madaraka, ambayo ilianza mwaka 2017, huchukua muda wa saa tano hivi, na kwa mtoto mdogo ni nafuu kuliko basi. Anaweza kutembea, unaweza kumbadilisha nepi bila kuomba dereva asimame, na harushwirushwi. Ukienda kwa gari lako, mfunge mtoto katika kiti chake maalumu kilichowekwa nyuma, usimpakate kiti cha mbele. Barabara ya Mombasa ina malori mengi na mikono ya mama haiwezi kumshika mtoto gari linapogonga. Kwa wanaokwenda kwa ndege, mpe mtoto chuchu, chupa au kitu cha kumung'unya ndege inapoanza kushuka, maana kumeza huyafungua masikio yake na kumpunguzia maumivu.

Hapo Likoni tukae kidogo. Wakenya hawajasahau feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuwaua watu 272. Wala hawajasahau Septemba 2019, gari liliporudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni likatumbukia baharini na mama na bintiye wa umri wa miaka minne wakafa humo. Feri nyingi huvuka salama kila siku, na huenda wewe utavuka mara mia bila tatizo. Hata hivyo, yapo mambo machache yasiyokugharimu chochote. Gari likiwa juu ya feri, zima injini, vuta breki ya mkono, teremsha vioo vya madirisha, na umfungue mtoto mshipi wa kiti chake, umshike. Kama unavuka kwa miguu, mbebe, usimwache atembee katika msongamano, na usisimame naye ukingoni ili aone maji. Ataona maji ya kutosha huko mwendako.

MASHUA NA UPEPO

Watu wa Pwani huugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na wakati huo kuna joto jingi lakini bahari imetulia kiasi. Kusi huanza baada ya Kaskazi kukoma, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huichafua bahari. Mzazi wa Nairobi hupanga safari yake kwa kalenda ya shule na si kwa kalenda ya manahodha, akajikuta katika likizo ya Agosti amepanda mashua ya kwenda Kisite huku mawimbi yakimrukia. Mtoto wa miaka miwili hapaswi kuwemo katika mashua ya namna hiyo. Nahodha akisita, usimbembeleze kwa kumwongezea pesa. Yeye ndiye anayeijua bahari ile.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: mna jaketi la kuokolea la mtoto wa kilo hizi? Utaonyeshwa jaketi la mtu mzima na kuambiwa kwamba litakazwa kwa kamba. Likatae. Jaketi kubwa humpanda mtoto kichwani na yeye akateleza akatoka kwa chini. Lililo sawa lina kola inayoegemeza kichwa na mshipi unaopita katikati ya mapaja. Lijaribu mkiwa nchi kavu: mvike, lifunge, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likifika kwenye masikio, halimfai. Kama hakuna jingine, bakieni ufuoni mjenge ngome ya mchanga, Wasini haiondoki. Wanaopanga kwenda likizo ya mashua kila mwaka wangefanya vyema kununua jaketi la mtoto wao wenyewe. Hili nalisema hata kwa safari fupi ya boti ya kutoka Mokowe hadi kisiwa cha Lamu, ambapo wengi hawajisumbui kwa sababu ng'ambo inaonekana.

Na kulewa bahari je? Utashangaa kusikia kwamba watoto wa chini ya miaka miwili hulewa mara chache kuliko kaka na dada zao. Kichefuchefu hicho huwasumbua zaidi walio kati ya miaka miwili au mitatu na kumi na miwili. Mlishe mtoto chakula chepesi saa moja au mbili kabla, keti naye katikati ya chombo ambako hakuyumbi sana, awe kwenye hewa safi na umwonyeshe vitu vya mbali. Jambo la kushikilia ni hili: usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili promethazini, ile dawa ya kutapika na kulewa safarini ambayo maduka mengi ya dawa huiuza bila maswali. Inaweza kumfanya ashindwe kupumua. Hata kwa aliyezidi umri huo, mwachie daktari aamue. Wako wanaoitumia makusudi ili mtoto alale wao wapumzike. Huo ni mchezo na uhai wa mtoto.

MAJI HAYAPIGI KELELE

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Katika sinema mtu anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. Mtoto mdogo hafanyi hivyo. Kichwa chake ni kizito kuliko sehemu nyingine za mwili, huinama akaanguka, uso ukaingia majini na hawezi kuunyanyua. Hakuna sauti. Mzazi aliyeketi hatua tano akisoma ujumbe kwenye simu hasikii lolote.

Kwa hiyo mtoto anapokuwa majini au karibu na maji, mtu mzima mmoja awe umbali wa mkono wake, si wa jicho lake. Natumia neno "mmoja" kwa makusudi. Familia ikiwa kubwa, baba hudhani mama anaangalia, mama hudhani shangazi anaangalia, shangazi anajua yaya yupo, na yaya ametumwa kuleta taulo. Wekeni zamu zenye jina la mtu na muda wake. Anayemaliza zamu amkabidhi mwenzake mtoto kwa maneno, na aliye zamuni asiwe na simu wala chupa ya bia.

Yale matairi ya plastiki na mifuko ya hewa ya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea. Hutoboka, huvuka, hupindua. Vibaya zaidi, humfanya mzazi ajione amemaliza kazi ya ulinzi.

Usifikirie bahari peke yake. Katika nyumba za likizo, hatari hasa i bwawani na bafuni. Pwani ina shida ya maji, na nyumba nyingi huwa na ndoo na madramu yaliyojazwa. Mtoto anayejifunza kutembea akishika ukingo wa ndoo na kuchungulia anaweza kutumbukia kichwa mbele akafia katika maji yasiyofika goti lako. Ukifika tu, kabla ya kufungua mikoba, zunguka nyumba yote: mwaga maji ya ndoo zilizo wazi, funika madramu, angalia kama mlango wa kwenda bwawani unafungwa kwa komeo asilolifikia.

Nayo bahari ina desturi zake. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na hapo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mahali ulipomkalisha mtoto saa nne asubuhi pakiwa pakavu panaweza kuwa kina cha kifua chako mchana. Waulize wavuvi saa za maji kupwa na kujaa. Maji yakipwa na mkaamua kutembea kwenye miamba, mvike viatu, maana kuna vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu ambayo hukatikia mguuni.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili maji yatoke. Unapoteza dakika alizo nazo. Mtu mmoja akimbilie msaada nawe uanze papo hapo. Mlaze chali, inua kidevu chake kidogo, mzibe pua, weka mdomo wako juu ya wake na umpulizie pumzi tano taratibu mpaka uone kifua kinainuka. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua kwa kiganja cha mkono mmoja, kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua, mara 30 kwa haraka, karibu mara mbili kila sekunde, kisha mpulizie pumzi mbili. Endelea hivyo bila kuchoka hadi apumue au wahudumu wafike. Akizinduka mpeleke hospitalini hata kama analia na kuomba maziwa, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumletea taabu saa kadhaa baadaye. Kusoma hapa hakutoshi. Mashirika ya huduma ya kwanza hufundisha jambo hili kwa siku moja, na siku hiyo moja ni afadhali kuliko koti jipya la kuogelea.

TUMBO NA JUA

Mtoto akibadilisha maji na chakula, tumbo hulalamika. Maji ya visima vingi vya Pwani yana chumvi, na kuwa na chumvi hakumaanishi kuwa ni safi. Tumia maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, hata ya kumpigisha mswaki. Sharbati ya barafu, kachumbari ya kando ya barabara na maembe yaliyomenywa tangu asubuhi waachie watu wazima. Samaki mchambulie miiba kwa vidole vyako. Na mabuyu, jamani! Yale mabuyu mekundu ambayo kila mtu hununua kabla ya kurudi yana kokwa ngumu inayotosha kuziba koo la mtoto wa miaka miwili. Asipewe kabisa.

Beba kutoka nyumbani pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, ambazo hospitali huziita ORS, pamoja na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha, koroga pakiti katika kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala pungufu. Aliye chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, aliyezidi miaka miwili mililita 100 hadi 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena taratibu zaidi. Zinki apewe miligramu 20 kila siku kwa siku kumi hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kama pakiti hakuna, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vitakufikisha hospitalini. Maji ya dafu ni matamu, na ni kinywaji kizuri kwa mtoto mzima wa afya, ila hayana chumvi ya kutosha kurudisha ile inayopotea kwa kuharisha.

Macho yakiingia ndani, mtoto akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, akawa mlegevu au akashindwa kunywa, au ukaona damu kwenye choo, usingoje kupambazuke. Ndipo utakapojua umuhimu wa kuuliza mapema hospitali iko wapi. Aliye Diani hana haja ya kupiga foleni ya feri usiku kwenda Hospitali Kuu ya Pwani. Hospitali ya rufaa ya Msambweni iko upande wake. Malindi kuna hospitali ya serikali mjini, na Lamu ipo ile ya King Fahd. Andika namba ya simu ya teksi au tuktuk ya karibu siku ya kwanza.

Jua halihitaji maneno mengi. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mtoto awe kivulini. Ngozi nyeusi nayo huungua, na kabla haijaungua mtoto huwa amekwisha kukaukiwa. Mpe maji mara kwa mara, mvike pamba, na akitokwa na harara mwogeshe maji baridi bila kumpaka mafuta mazito.

KWA WAENDAO NA MELI KUBWA

Wakenya wanaopanda meli za kitalii hawako wengi, lakini wapo, hasa wale wenye jamaa ng'ambo wanaowaalika kuungana nao Durban, Dubai, Barcelona au Miami. Meli hizo ni kama mji unaoelea, na mtu huweza kudhani kwamba mji huo una kila kitu cha mtoto. Hauna.

Kampuni nyingi hazimkubali mtoto aliye chini ya miezi sita, na kwa safari za kuvuka bahari kuu hutaka awe ametimiza mwaka mmoja. Vyumba vya michezo ambako watoto huachwa na walezi kwa kawaida ni vya walio na miaka mitatu na kuendelea ambao wameacha nepi. Na mwenye nepi haruhusiwi kuingia katika mabwawa ya kawaida ya meli zinazotia nanga Marekani. Hiyo ni amri ya afya ya huko, hata nepi iwe ile ya kuogelea. Kwa hivyo mzazi anayelipa pesa nyingi ili mtoto aogelee huenda akakaa naye kando ya bwawa siku saba. Uliza kwanza kama kuna sehemu ya maji ya watoto wenye nepi.

Maradhi yanayozitaabisha sana meli hizo ni kutapika na kuharisha kunakoletwa na virusi vya norovirus. Huenea upesi kwa sababu watu maelfu hushika vijiko vilevile vya kupakulia na vyuma vilevile vya ngazi. Ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiviui vizuri. Sabuni na maji ndivyo vinavyofaa, kwako na kwa mtoto, kabla ya kila mlo na kila unapobadilisha nepi. Usimwache mtoto ajipakulie mwenyewe.

Melini kuna daktari, lakini hakuna hospitali ya watoto, na huduma yake hulipiwa ghali. Mgonjwa mahututi hushushwa bandari ya karibu au huchukuliwa kwa helikopta, gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuimudu bila bima ya safari inayoitaja waziwazi. Beba dawa zote za mtoto kutoka Kenya, pamoja na cheti chake cha chanjo. Chanjo ya ukambi hapa kwetu hutolewa akiwa na miezi tisa na tena miezi 18, na mtoto asipande meli kabla ya kuzipata zinazolingana na umri wake. Anayepitia Afrika Kusini akiwa na mwaka mmoja au zaidi atahitaji cheti cha homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa.

Chumba chenye roshani kinapendeza katika picha. Kwa mtoto anayepanda viti, mimi ningechagua kisicho na roshani, nikabaki na pesa. Na siku ya kwanza, kengele ya mazoezi ya dharura ikilia, nenda na mtoto, umwombe mhudumu akupe jaketi la kipimo chake, umvike palepale.

UKIRUDI NYUMBANI

Safari haijaisha siku mnaposhuka Syokimau. Vijidudu vya malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mtoto aumwe na mbu hadi homa ianze, na mara nyingi wiki mbili. Wakati huo mchanga umekwisha kung'utwa mikobani, watoto wakubwa wamerudi shuleni, na hakuna anayekumbuka Pwani. Mtoto anashikwa na homa Jumanne. Nairobi kuna baridi, anakohoa kidogo, na kila mtu anasema ni mafua. Anapewa dawa ya homa, inashuka, inapanda. Zahanati ya mtaani, ambayo haioni malaria mara kwa mara, inampa dawa ya kifua. Ifikapo Alhamisi usiku anaanza kutetemeka na degedege.

Ndiyo sababu kila homa katika miezi mitatu baada ya kurudi ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, hata kama mtoto alikuwa akitumia dawa za kinga. Mpeleke siku hiyohiyo. Maneno yako ya kwanza kwa daktari yawe, "Tulikuwa Pwani, tulirudi tarehe fulani," kabla hata hajakuuliza mtoto ana nini. Omba damu ipimwe. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda wa nusu saa hivi. Kikisema hakuna na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake. Kikisema ipo, tiba ya dawa mseto ni ya siku tatu na humalizwa yote, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Kwa kuteremsha homa, mpe parasetamoli ya maji kulingana na kilo zake. Aspirini usimpe.